Pikipiki ya Baba na Beringi Nilizotaka Kuziacha

BERINGI ilizunguka kidoleni mwangu bila kukwaruza. Niliizungusha mara ya pili, nikaisogeza sikioni, nisisikie kitu ila upepo wa kaskazi na kuku wa mama wakichakura nyuma ya jiko. Nikamgeukia fundi, nikamwambia, "Ami, hii nzima kabisa. Tuirudishe tu."

Fundi ni mzee aliyepita miaka sabini, na alianza kutengeneza mashine za maboti mimi sijaanza shule. Hakuipokea ile beringi. Alisema, "Mwanangu, beringi bado hujaiona. Ulichokiona ni oili."

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza, na ulituchukua siku tatu. Ulianza kama ubishi wa chuma na pesa. Ulipokwisha nilikuwa nimejua jambo moja juu ya marehemu baba ambalo nyumbani kwetu lilinyamaziwa kwa karibu miaka 35.

Ilikuwa Desemba 2024, nami nilikuwa likizoni Funzi, kisiwa chetu kidogo kwenye mdomo wa Mto Ramisi, kaunti ya Kwale. Msomaji ambaye hajafika kwetu apande gari la Lungalunga kutoka Likoni, apite Ukunda na Msambweni, kisha aishike njia ya Bodo mpaka nchi kavu imwishie. Hapo atavua viatu, ataingia mashuani, naye atavushwa katikati ya mikoko. Kisiwa chenyewe hukizunguka kwa miguu, wala pikipiki si kitu cha haja sana. Hata hivyo, katika ghala la mama, kati ya nyavu kuukuu na madema yaliyovunjika, pikipiki imelala chini ya turubai tangu mwaka 1988.

Ni BSA Bantam aina ya D7, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1959. Baba aliinunua mkono wa pili mwaka 1974, alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kila alfajiri alivuka kwa mtumbwi mpaka Bodo, akaichukua pikipiki yake chini ya mwembe wa shangazi, akaenda nayo kazini. Jioni, upepo ukiwa mzuri, sisi watoto tuliusikia mlio wake kutoka ng'ambo, na mama akaweka chungu motoni. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, baba aliipakia mashuani, akaileta kisiwani, akaifunika. Kuanzia siku hiyo akawa mvuvi.

Utotoni niliamini kuwa pikipiki hiyo ni ya Kiingereza kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Ni kweli ilitoka Birmingham, kwa kampuni iliyoanza kwa kuunda bunduki, na Bantam ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Lakini ramani yake ilitoka Ujerumani. Ilikuwa ni ya DKW RT 125, pikipiki ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ujerumani iliposhindwa, washindi waliichukua ramani hiyo kama fidia. Waingereza wakaunda Bantam, Harley-Davidson wa Marekani wakaunda ya kwao, na Warusi nao hawakubaki nyuma. Kule Japani, Yamaha walipotoa pikipiki yao ya kwanza kabisa mwaka 1955, iliyoitwa YA-1, waliifuata DKW hiyo hiyo. Mwaka 1960 Yamaha wakatoa mashine yao ya kwanza ya boti.

Kwa hivyo, mashine za Yamaha zinazosukuma maboti ya pwani yetu hivi leo zina undugu wa mbali na pikipiki ya baba. Fundi hakuyajua hayo ya Ujerumani na Japani mpaka nilipomsimulia, lakini mikono yake ilijua. Alipoifungua injini mara ya kwanza alicheka, akasema, "Huyu ni binamu. Matumbo ni yale yale." Kilichomsumbua ni nati tu. Nyingi zilikuwa za vipimo vya inchi, na spana zake za milimita ziliteleza. Beringi zenyewe ni za milimita, urithi wa mama yake Mjerumani.

Pengine utauliza tuliifungua kwa nini. Mwaka huo bwana mmoja mwenye hoteli huko Diani alisikia habari zake, akataka kuinunua aiweke mapokezi, watalii wapige nayo picha. Alikuwa tayari kuichukua na kutu yake. Nilikaribia kukubali. Kijana wangu wa miaka 19, anayesoma chuo Mombasa, ndiye aliyenizuia. "Baba," alisema, "kama ni ya kwenda kusimama, si afadhali iendelee kusimama kwa nyanya?" Alitaka kuiendesha. Nami, kusema kweli, nilitaka kuusikia ule mlio.

Basi ukiamua pikipiki itembee, maswali hubadilika. Ya kusimama mapokezini huhitaji rangi na nta. Ya kutembea huhitaji kilichomo ndani, na ndani kabisa kuna beringi.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Ndani ya injini kuna mtaimbo unaozunguka, ambao mafundi huuita krankishafti. Pistoni hushuka na kupanda, na konrodi huugeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Krankishafti hukaa juu ya beringi, yaani pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na gololi katikati yake. Beringi ikichakaa, mtaimbo hauzunguki tena mahali pamoja. Hutikisika.

Katika injini kubwa ya gari, mtikisiko huo utausikia kama kelele kwanza. Katika injini ndogo ya mipigo miwili, kama hii ya Bantam au ya boti, kuna balaa la pili. Kasha la injini hutumika pia kama pampu. Pistoni ikishuka husukuma mchanganyiko wa petroli na hewa kutoka kwenye kasha kwenda juu, na oili inayochanganywa katika petroli hiyo ndiyo inayolainisha pistoni na konrodi. Baba alitia sehemu moja ya oili kwa sehemu ishirini za petroli, na kipimo kilikuwa kikopo cha maziwa. Kasha lisivuje, kila upande wa mtaimbo una mpira unaouzunguka, unaoitwa sili. Mtaimbo ukitikisika, sili huliwa. Sili ikiliwa, hewa huingia kwa wizi, petroli hupungua na oili yake pia, pistoni hupata moto, hutanuka, na kunata ndani ya silinda. Injini husimama hapo hapo. Yote hayo kwa sababu ya beringi iliyoachwa.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuziacha, na niliona ni sababu za mtu mwenye akili. Ya kwanza ni pesa. Nilikuwa nimetenga shilingi 15,000 kwa kazi yote, na tairi, tyubu, nyaya na ringi za pistoni zilikuwa zimeshazila. Januari ilikuwa mlangoni, na kila mzazi anajua Januari inakuja na nini. Ya pili ni kwamba zilizunguka vizuri. Ya tatu sikuisema kwa sauti. Katika daftari la baba, lile la jalada jeusi alimoandika kila alichokitengeneza, kulikuwa na mstari huu: "Machi 1981. Beringi mpya. Sili mpya." Zile beringi zilifungwa na mikono yake. Sikutaka kuwa mtu wa kuzitoa.

Siku ya pili fundi aliniita. Alikuwa na bakuli la mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. "Osha," alisema. Nikaosha ile beringi mpaka mafuta yakawa meusi, nikayamwaga, nikaosha tena, nikaianika juani mpaka ikakauka.

"Sasa izungushe."

Niliizungusha, na safari hii ilinena. Ilitoa sauti ya mchanga ndani ya chupa. Kila ilipofika mahali fulani, kidole kilihisi kijishimo, kidogo kama tundu la sindano, lakini kipo. Fundi akanipa miwani yake. Katika njia ya gololi niliona madoa ya kahawia, yamepangika kwa nafasi sawa kama shanga.

"Hapo ndipo gololi zilipolala," alisema. "Miaka thelathini na sita, kila gololi mahali pake, na hewa ya chumvi. Kutu hukaa pale chuma kinapogusana na chuma. Ile oili ya zamani ilikuwa imeganda juu yake, ikakudanganya. Beringi chafu ikinyamaza usiiamini. Isikilize ikiwa kavu, mkononi, polepole."

Akaniongezea jambo la pili. Tulipozing'oa kwa pula, nguvu yote ya kuvuta ilipita kwenye gololi. Hata beringi iliyokuwa nzima huweza kutiwa vidonda na kule kung'olewa. Kwa hivyo, kwa kawaida yake, beringi ya krankishafti ikishatoka kwa kuvutwa hivyo hairudi.

Nilikuwa nimeshindwa kwa hoja, lakini moyo wangu haukuwa umeshindwa. Nilimwambia kwamba hii si boti. Ni pikipiki ya kwenda Msambweni na kurudi, mara moja kwa mwezi. Ikizima tutaisukuma. Tuzirudishe kwa sasa, na mwakani nikipata nafasi tutazibadilisha.

Mama alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Hakuinua uso. Alisema, "Baba yako naye alisema vivyo hivyo."

Fundi akainama, akaanza kupanga spana zake.

"Alisema lini?" niliuliza.

"Mwaka ule ulipokwenda sekondari."

Msomaji, mwaka ule siusahau. Nilifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1989, na mwanzoni mwa 1990 nikaitwa shule ya bweni. Kulikuwa na karo, sanduku la bati, godoro, viatu na sare mbili. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na baba alitegemea bahari. Alikuwa na boti ndogo yenye mashine kuukuu aliyoinunua imeshatumika. Mwezi huo wa Januari alinichukua kwenda kuvua nguru nje ya mwamba, ili tuongeze senti za sanduku. Nilikuwa na miaka 14, na nilijiona mwanamume.

Tulikuwa tumeshapata samaki sita mashine ilipolia. Haikukohoa kama ikosavyo petroli. Ilipiga kelele moja kali ya chuma, ikakwama. Baba alivuta kamba, nayo haikusogea hata shibiri. Tulikuwa na kasia moja. Tulitupa nanga, kamba ikaisha bila kugusa chini. Upepo wa kaskazi ukatushika, ukatupeleka kusini magharibi, na Funzi ikawa mstari, kisha ikawa hakuna. Usiku baba alivua kikoi chake, akakifunga kwenye kasia kiwe tanga. Alinipa maji yote yaliyobaki, akasema yeye hana kiu. Alfajiri wavuvi wa Wasini walituona, wakatuvuta mpaka kwao, wakatupa uji.

Nilimuuliza baba siku ile mashine ilipatwa na nini. Alinijibu, "Imekufa tu, mwanangu. Chuma nacho hufa." Wiki iliyofuata nilikwenda shule na sanduku jipya. Maisha yangu yote nimeisimulia hadithi hiyo kama ajali.

Sasa mama alinieleza, vidole vyake vingali ndani ya mchele. Mashine ilikuwa imenguruma kwa chini tangu Novemba. Baba aliipeleka Bodo kwa fundi, na fundi alimwambia beringi ya krankishafti inakwisha, asitoke nayo nje ya mwamba. Baba alikuwa na pesa za beringi mfukoni. Alirudi nazo nyumbani, akaziweka juu ya meza, akasema, "Hizi ni za sanduku la mtoto. Mashine itangoja mpaka mwakani."

Nilimtazama fundi. "Ulijua, Ami?"

"Nilimwambia mimi," alisema. "Nilipopata habari mmepotea, sikulala. Akanisihi nisikwambie. Alisema ukijua, utaliona lile sanduku kila siku kama jeneza."

Tulikaa kimya muda. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mtu maskini mwenye pesa za kitu kimoja na haja ya vitu viwili hana uamuzi ulio safi. Angenunua beringi, pengine nisingesoma. Hakununua, karibu tufe. Hata leo siwezi kusema alikosea kuchagua shule.

Mama ndiye aliyetenganisha jambo hilo kwa maneno machache. "Sikumlaumu kwa kutonunua," alisema. "Nilimlaumu kwa kukuchukua bila kukwambia. Ungejua, ungebeba kasia la pili. Ungebeba maji. Au ungekataa kwenda. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni na tairi mkononi. Alikuwa amesikia yote. Yeye ndiye angepanda pikipiki ile, na mimi nilikuwa nimekaribia kumpa na beringi zenye kutu nikimwambia kuwa iko sawa.

Asubuhi nilivuka kwenda Mombasa. Beringi hazihitaji barua ya kwenda Uingereza. Ubavuni huwa zimechorwa namba, na namba hiyo ni lugha moja dunia nzima. Chukua 6204 kwa mfano: tarakimu mbili za mwisho, 04, ukizizidisha kwa tano unapata tundu la milimita 20. Upana wa nje wake ni 47 na unene ni 14, iwe imeundwa Sweden au Japani. Nilimsomea mwenye duka namba zangu huko Mwembe Tayari, akazitoa kwenye rafu kama anayetoa biskuti. Fundi alikuwa ameniagiza nitake zenye alama ya C3, maana yake zina nafasi kidogo zaidi kati ya gololi na njia yake, kwa sababu injini ikipata moto chuma hutanuka na nafasi hiyo hujifunga. Beringi na sili zote zilinigharimu shilingi 3,600. Nilikopa kwa mwenzangu wa kazini.

Kuzifunga kulikuwa kama kupika. Kasha la injini ni la aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha beringi. Mama alitupalia makaa juu na chini, kama anavyopika mkate wa sinia, na kasha likawekwa katikati. Beringi nazo tulizifunga ndani ya plastiki, tukazilaza usiku kucha katika kasha la barafu la mchuuzi wa samaki. Tone la maji lilipochemka juu ya kasha, fundi alizichukua beringi kwa kitambaa, akaziweka mahali pake. Ziliingia zenyewe bila nyundo, kwa sauti ndogo ya "tki". Alicheka kama mtoto.

Ilibaki moja. Chini ya konrodi kuna beringi nyingine, iliyofungiwa ndani ya krankishafti yenyewe. Kuibadilisha kunataka mtaimbo utenganishwe kwa presi na uunganishwe tena kwa mkerezaji, na kifaa chenyewe kiagizwe ng'ambo. Hiyo tuliipima kwa uangalifu wote. Tuliiosha mpaka ikakauka. Fundi aliivuta konrodi juu, akaisukuma chini, haikucheza. Ilicheza kidogo kwa ubavu tu, na hiyo ni desturi yake. Hatukuona kutu wala kusikia mkwaruzo. Tukaiacha. Safari hii tuliacha kitu tulichokwisha kukichunguza, na tuliacha mchana, watu wote wakiona.

Kabla ya kuipakia mashuani, nilimpa kijana lile daftari jeusi na kalamu, nikamwambia aandike chini ya mwandiko wa babu yake. Aliandika: "Desemba 2024. Beringi za krankishafti mpya. Sili mpya. Beringi ya konrodi ni ya zamani. Isikilizwe."

Huko Bodo iliwaka kwa kiki ya saba. Moshi wa bluu ulifunika mwembe wa shangazi, ambao bado upo, na wazee wawili waliokuwa wakicheza bao waliinuka kuja kuangalia. Kijana alipanda, akaishika klachi, kisha akaiachia, akashuka.

"Baba," alisema, "isikilizwe inaliaje?"

Nikaizima pikipiki, nikaketi naye chini ya mwembe, nikamweleza.